Kiko cha sokoni Tabora au cha kuagiza mtandaoni: hela yako uipeleke wapi?

Mkoa wa Tabora ni kinara wa tumbaku nchini, lakini ukitaka kiko kizuri pale mjini utachoka miguu. Jani linatoka Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, linakaushwa kwenye mabani, linafungwa marobota, linapitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na kuondoka zake. Chombo cha kulivutia hakimo katika biashara hiyo. Ingia duka lolote la mjini uulize kiko, utaangaliwa kama aliyeuliza utambi wa chemli.

Mtu anayetaka kiko ana njia mbili: ashuke sokoni na kwa mafundi, au ashike simu aagize. Msimamo wangu nautoa mapema, asiye na muda aondoke nao. Kiko cha udongo au cha mbao za kwetu kinunue kwa mkono, ukiwa umekishika. Kiko cha braya (kifundo kigumu cha kichaka cha Mediterania) au cha gunzi la mahindi kiagize, tena agizeni wawili au watatu pamoja. Kile cha katikati, yaani kiko "cha nje" kinachokaa kwenye kabati la kioo la duka la mjini, kiache kikae hapo hapo.

Afya nayo niiseme sasa hivi, sitairudia. Kiko hakigeuki kuwa salama kwa sababu tu moshi wake huumezi. Saratani ya midomo, ya kinywa, ya koo na hata ya mapafu inahusishwa nacho. Asiyevuta asianze kwa ajili ya makala haya, na sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Ninayeongea naye ni mtu mzima ambaye tayari anavuta na hataki kuibiwa.

Cha udongo

Pembeni mwa masoko, wanapokaa wauza ugoro na tumbaku ya kusokota, ndipo viko vya udongo hupatikana, ingawa si kila siku. Mara nyingi havijapangwa mbele. Vimo ndani ya gunia au beseni chini ya meza, maana wanunuzi wake ni wazee wa vijijini wanaojua pa kuulizia. Kijana wa mjini akipita haoni kitu.

Mzee mmoja niliyemkuta na gunia la namna hiyo alinijibu salamu, akaniacha nichaguechague. Nikaokota kimoja kikubwa chenye nakshi za mistari kuzunguka bori, kile kikombe cha kujazia tumbaku.

"Unataka cha kuvutia au cha kuweka kabatini?"

"Cha kuvutia, babu."

Akaninyang'anya kile cha nakshi, akatoa kingine kifupi, rangi yake haikulingana, upande mmoja mwekundu na mwingine wa kijivu. Akakigonga kwa ukucha. Kikalia, sauti nyembamba kama ya kikombe cha kauri. Akagonga kile cha nakshi: sauti ikafia ndani.

"Umesikia? Huyu hajaiva. Utavuta mara mbili atapasuka, urudi unitukane. Haya, vuta kikiwa kitupu. Usinipe hela kwanza."

Hayo mambo mawili, kugonga kwa ukucha na kuvuta kikiwa kitupu, ndiyo ukaguzi wote wa kiko cha udongo, na hakuna picha ya simu inayoweza kukufanyia. Udongo uliochomwa vizuri unalia. Uliochomwa nusu, au wenye ufa usioonekana kwa macho, haulii. Na ukivuta kikiwa kitupu hewa ipite kwa ulaini bila kupiga mluzi. Ikikwama, tundu limezibwa na udongo tangu kilipofinyangwa.

Sifa ya udongo ni kwamba hauna ladha yake. Unachoonja ni tumbaku basi. Hauhitaji kuzoeshwa, na ukichafuka unausafisha kwa moto: bori unalifukia kwenye makaa mpaka weusi wa ndani uungue na kuisha, kisha unaliacha lipoe taratibu ndani ya majivu. Kiko cha mbao ukikifanyia hivyo umekichoma. Ubaya wake ni joto. Bori halishikiki, unashika mrija. Na kikidondoka sakafuni, kwa heri. Kwa bei yake, sokoni, wala huumii sana. Mrija wa mwanzi ukioza unakata mwingine.

Mtandaoni viko vya udongo vipo pia, vile vyeupe vya mrija mrefu vya mtindo wa Ulaya. Sioni sababu ya mtu wa Tabora kulipia ndege ibebe chungu kutoka Ulaya, tena kitu ambacho kinaweza kufika vipande vitatu. Hapa sokoni imeshinda, hatuna haja ya kuendelea kubishana.

Cha mbao, kwa fundi

Hapa pana maneno zaidi. Tabora ni mkoa wa miombo, na mninga tunaujua tangu vitanda vya bibi zetu. Mafundi wapo, mashine za kukereza zipo. Kwa nini basi fundi asikukerezee kiko?

Anaweza, na wapo wanaofanya hivyo ukiwapa kazi. Tatizo ni kwamba fundi wa vitanda havuti kiko, kwa hiyo anatengeneza umbo la kiko, siyo kiko. Nje kinapendeza, ndani tundu la hewa linatokea katikati ya ukuta wa bori badala ya kutokea chini kabisa. Matokeo yake tumbaku ya chini haiungui, inabaki imelowa na kuchacha, na kila ukivuta unasikia maji yanachuruzika kooni. Wengine hulaumu tumbaku, kumbe ni keekee ilipita juu.

Ukienda kwa fundi, nenda na vipimo umeviandika kwenye karatasi. Shimo la bori liwe na upana wa milimita 19 au 20 na kina cha milimita 40 hivi. Kuta zisipungue milimita 7. Tundu la hewa liwe milimita 4, litokee katikati, usawa wa chini kabisa wa shimo. Ndani ya shimo pasiguswe na vanishi, gundi wala rangi. Mbao iwe imekauka barabara, kipande cha zamani cha mguu wa kitanda ni bora kuliko mbao iliyopasuliwa mwezi uliopita. Na usimwache fundi akupe wazo la kuvisha bati ndani "ili isiungue." Bati la kuezekea lina zinki, kopo la dukani lina rangi. Sitaki lolote kati ya hayo karibu na kaa ninalovutia.

Mninga ni mwepesi na mzuri kwa macho, ila unaungua haraka, kwa hiyo lazima uuzoeshe: mwanzoni jaza theluthi tu ya bori, vuta polepole, acha masizi yajenge ganda jembamba ndani, unene wa sarafu. Ganda hilo ndilo linalokinga mbao. Mpingo unavumilia moto zaidi lakini ni mzito mdomoni, unahifadhi joto, na ukiuvuta kwa pupa unapasuka. Mimi kati ya hiyo miwili ningechukua mninga kwa bori na mpingo kwa mdomo wa kiko, kile kipande unachokishika kwa meno. Ukimkuta fundi anakohoa wakati wa kukereza usimcheke. Vumbi la mninga linawasha na kubana kifua, lile la mpingo ni balaa zaidi.

Kuna viko vya vinyago pia, vyenye kichwa cha simba au cha mzee mwenye ndevu, vinavyouzwa na wachuuzi wa zawadi. Kabla hujalipa, lowesha leso nyeupe, usugue bori. Leso ikitoka nyeusi ujue "mpingo" huo ni mbao ya kawaida iliyopigwa kiwi ya viatu. Kwenye rafu ya sebuleni haina neno. Kwenye moto utavuta kiwi.

Kile cha kabatini

Maduka machache ya mjini, yale yanayouza saa, miwani, pochi na vibiriti vya gesi, huwa na kiko kimoja au viwili ndani ya boksi jeusi lenye sponji. Kinang'aa. Ukikichunguza, bori ni plastiki ngumu iliyochorwa mistari ya mbao, au ni mbao isiyojulikana iliyozamishwa kwenye vanishi nzito. Ukifungua mdomo unakuta mrija wa bati na kichujio.

Viko hivi vinapatikana kwenye tovuti za Kichina kwa dola chache. Mwenye duka hajakosea kuongeza nauli yake na faida yake, ndiyo biashara. Ila wewe unalipa bei ya kitu kilichoagizwa bila kupata faida ya kuagiza, yaani kuchagua. Unakuta kimoja, unachukua hicho hicho. Vanishi nayo kwenye joto inatoa malengelenge na harufu ya nyumba mpya iliyopakwa rangi jana. Muuzaji mwenyewe ukimuuliza bori ni la mti gani atasema "original." Nimeona watu wakikinunua kwa zawadi ya mzee kijijini, mzee anashukuru, anakiweka ndani ya sanduku na kuendelea na kiko chake cha udongo.

Mtandaoni: wa Dar na wa ng'ambo

Tukisema mtandaoni tutenganishe mambo mawili, maana watu huyachanganya.

La kwanza ni wauzaji wa humu humu nchini. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, na tangu hapo biashara ndogo kama hii imehamia Instagram, statasi za WhatsApp na tovuti za matangazo kama Jiji. Wengi wako Kariakoo. Unachagua, unatuma hela kwa simu, mzigo unapandishwa basi, jioni ya kesho yake au keshokutwa unapigiwa simu ukauchukue stendi. Kwa kasi hakuna anayewashinda. Ila bidhaa zao nyingi ni zile zile za kabatini, tofauti ni kwamba kabati liko Dar. Wachache wana viko vya gunzi au vya braya walivyoletewa na ndugu anayesafiri, na hao ndio wa kuwatafuta.

Mkazi wa Dar anaweza kusema "nitalipa nikiona." Wa Tabora anaambiwa atume kwanza. Sawa, tuma, lakini omba video fupi, si picha, akiwa amekishika kiko na kutenganisha mdomo na bori, na akilielekeza tundu la bori kwenye mwanga. Anayeuza kitu alichonacho hachukui dakika tano kufanya hivyo. Anayeuza picha aliyoiokota ataanza kukuambia yuko barabarani. Na lipa kwa namba ya biashara ambayo jina lake likitokea kwenye simu linafanana na la ukurasa. Likitokea jina la mtu baki, ghairi.

La pili ni kuagiza ng'ambo. Hapo ndipo penye utajiri wenyewe.

Kuna viko vya gunzi. Ndiyo, gunzi la mahindi, hilo hilo tunalowashia moto. Kampuni ya Missouri Meerschaum, katika mji wa Washington jimbo la Missouri, Marekani, inavitengeneza tangu mwaka 1869. Mahindi yao ni ya mbegu yenye gunzi nene na gumu. Magunzi hukaushwa kwa muda mrefu, yanachongwa, yanapakwa plasta kwa nje na kulainishwa. Kiko cha kawaida cha aina hiyo kwao ni kama dola 10 hadi 20. Kinavuta kikavu na baridi, hakihitaji kuzoeshwa sana, na kikichoka unatupa. Nimewahi kumsikia mtu akisema tuchonge ya kwetu. Jaribu: gunzi la mahindi yetu ya kawaida ni jembamba, moyo wake laini, ukilitoboa linabaki ganda. Linaungua kabla hujamaliza kuvuta.

Kuna braya. Hii siyo mbao ya shina. Ni kifundo kinachoota kati ya shina na mizizi ya kichaka kinachoitwa Erica arborea, kinachimbwa katika nchi za Mediterania kama Italia, Ugiriki na Algeria, kinachemshwa kwa saa nyingi, kisha kinakaushwa kwa miezi au miaka kabla ya kuchongwa. Ni kigumu na kinastahimili moto kuliko mbao yoyote utakayopewa na fundi wetu, ndiyo maana viko vya Peterson wa Dublin na Savinelli wa Milan vinarithishwa. Kichaka hicho kinaota pia kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Msomaji mwenye panga asipate wazo. Sehemu kubwa ya milima hiyo ni hifadhi.

Na kuna hiki ambacho kinanichekesha. Zamani Tanzania ilikuwa na viko vyake vinavyouzwa duniani. Huko Arusha, Tanganyika Meerschaum Corporation ilitengeneza viko kwa mershaumu, madini meupe mepesi yanayopatikana eneo la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Chapa yao moja iliitwa Kiko, ikiwa na alama ya tembo, na baadhi yake vilivikwa ngozi kwa nje. Leo ukitaka kimoja, usihangaike Arusha wala Tabora. Ingia eBay, utavikuta kwa wazee wa Uingereza na Marekani wanaouza makabati ya baba zao. Kiko chenye muhuri wa Tanganyika, kwa kawaida, kimetoka mikononi mwa fundi kabla nchi haijabadili jina mwaka 1964. Kwa hiyo kiko cha Kitanzania chenye historia kuliko vyote kinarudi nyumbani kwa njia ya mtandao, na kinalipiwa ushuru wa kuingia.

Hesabu ya kufika Tabora

Ushuru huo ndio unaoua furaha ya wengi. Bei ya tovuti ni bei ya kiko kikiwa kwao. Chukua dola moja kwa shilingi 2,600 kurahisisha hesabu, na tuseme kiko cha braya ni dola 45, usafirishaji dola 30. Hapo ni 75. TRA hawatozi kodi juu ya 45, wanatoza juu ya jumla ya kitu na usafirishaji wake. Bidhaa nyingi za matumizi zilizokamilika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25: unafika 93.75. Juu ya hapo VAT asilimia 18: 110.60 na ushee. Kwa shilingi ni kama 287,600, bado tozo ndogo ndogo na ada ya anayekupokelea mzigo. Kiko ulichokiona cha 117,000 kimezidi mara mbili.

Kwa gunzi mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwa sababu nauli ni kubwa kuliko kitu. Kiko cha dola 12 kwa nauli ile ile kinafika kwa takribani shilingi 161,000. Hakuna mwenye akili timamu anayelipa hivyo kwa gunzi. Lakini mkiagiza vitatu kwenye boksi moja, na nauli ikabaki pale pale au ikasogea kidogo, kila kimoja kinashuka hadi kama 84,000. Ndiyo maana nasema agizeni pamoja. Tafuta wenzako hata kama wako Nzega au Kigoma; kiko hakina uzito, boksi ndilo lenye bei.

Mambo matatu kuhusu mzigo wenyewe. Usiongeze kopo la tumbaku ndani ya boksi. Tumbaku ina ushuru wake wa bidhaa, na mzigo uliokuwa mwepesi unakuwa kesi. Usikubali muuzaji akuandikie bei ya uongo "ili upite," kwa sababu ofisa wa forodha ana haki ya kukadiria upya, na mzigo ukipotea utalipwa kwa ile bei ya uongo. Na vile vidude vidogo vya kioo au chuma utakavyoviona kwenye ukurasa huo huo vimetengenezewa bangi, hata kama maelezo yanasema tumbaku. Achana navyo, usije ukaenda kujieleza.

Anwani iandike kwa ukamilifu: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, S.L.P., Tabora, Tanzania, na namba ya simu yenye msimbo wa nchi. Ukitumia EMS ya Posta utapigiwa au kutumiwa ujumbe; nenda na kitambulisho. Kampuni binafsi za vifurushi zina haraka zaidi, ila nauli yao ni nyingine. Kulipa siku hizi si tatizo, kadi ya mtandaoni inatengenezwa ndani ya simu. Weka humo kiasi cha manunuzi hayo tu.

Macho dhidi ya mkono

Katika kukagua, mkono unashinda kila mara. Dukani unakipima uzito kwa kukining'iniza mdomoni bila kushika, unapitisha waya kutoka mdomoni uone kama unatokea chini ya bori, unanusa ndani. Mtandaoni unategemea uaminifu wa anayepiga picha. Maduka makubwa ya viko, kama Smokingpipes la Marekani, huweka picha za kila kiko kimoja kimoja pamoja na vipimo na uzito, na hicho ndicho wanachomzidi muuzaji wa kabatini, maana yeye hajui hata bori lake ni la nini. Kwenye minada ya vilivyotumika, omba picha tatu: ndani ya bori kutoka juu, mdomo kwa karibu ili uone alama za meno, na maungio ya mdomo na shina, yaani ile shingo ya bori. Nyufa huanzia kwenye maungio hayo. Mdomo uliogeuka rangi ya kahawia na kunuka kibiriti ni eboniti (mpira mgumu) iliyopigwa jua; inasafishika, isikutishe.

Kurudisha ndipo mtandao wa ng'ambo unapozidiwa kabisa. Sera ya kurudisha iko, imeandikwa vizuri, lakini kumrudishia mtu wa Ulaya kiko kutoka Tabora ni nauli nyingine inayokaribia bei ya kiko. Kwa hiyo jihesabu kama uliyenunua bila kurudisha. Sokoni, yule mzee wa gunia yupo wiki ijayo, na anajua kwamba unajua anapokaa.

Nani achukue kipi

Anayejaribu kuona kama kiko kinamfaa asiagize kitu. Aanze na cha udongo. Akikichoka amepoteza hela ya chai. Anayevuta jioni moja moja na anataka cha kudumu bila mbwembwe, mninga wa fundi mwenye karatasi ya vipimo, au gunzi kama amepata wenzake wa kuchangia boksi. Anayevuta kila siku anahitaji zaidi ya kimoja, kwa sababu kiko cha mbao kinatakiwa kupumzika na kukauka baada ya kuvutwa; huyo ndiye ambaye braya iliyotumika ya mnadani inamlipa, hata baada ya forodha. Zawadi kwa mzee? Muulize mzee kwanza anavutia nini. Wengi wamezoea mrija mrefu na bori dogo, na braya yako ya laki tatu itaishia sandukuni kama ile ya plastiki.

Tumbaku yenyewe haina ulinganisho mrefu. Jani la mkulima wa mkataba lina mwenyewe, lisikutamanishe. Isitoshe jani la mvuke likiwa bichi kutoka banini linaungua kwa moto mkali na kuchoma ulimi, kwa sababu halijachachushwa wala kukandamizwa kama tumbaku ya kiko. Ile ya kusokota ya sokoni ni kali. Ikate nyembamba, ichambue, iache ikauke kidogo kabla ya kujaza.

Kikivunjika

Kinachovunjika kwanza karibu siku zote ni mdomo, hasa kile kichomeko chake kinachoingia kwenye shina. Watu hukipindua kutoa mdomo kiko kikiwa bado cha moto, kinakatikia ndani. Kiko cha gunzi kina midomo ya akiba ya bei ndogo; iagize kwenye boksi lile lile, usisubiri. Cha braya kutafutiwa mdomo ng'ambo ni kuanza upya hesabu ya dola 30 za nauli kwa kipande cha dola chache.

Hapa fundi wa kukereza wa Tabora analipa deni la vitanda vyake vyote. Mdomo wa mpingo anautoa kwa kazi ya nusu siku, na wa pembe ya ng'ombe ukimletea pembe iliyokauka na ukavumilia harufu ya nywele zinazoungua wakati wa kutoboa. Pembe ni laini kwa meno, ila inatafunika. Kipande kilichokatikia ndani ya shina atakitoa kwa skrubu iliyopashwa moto kidogo: anaiingiza taratibu, anaacha ipoe, anavuta. Mpelekee kiko kizima, si mdomo uliovunjika peke yake, maana unene wa kichomeko kipya unapimwa kwenye tundu la shina lenyewe, na braya ikilazimishwa kwa kichomeko kinene inapasuka pale pale mezani kwake.